Mwanangu anapiga ngumi, nimkataze? Jibu kwa mama wa Busia

Mama mmoja ameniandikia kutoka Busia, upande wetu wa Uganda, barua ndefu kidogo nami naifupisha. Kijana wake ana miaka 15, anakaa kwa mjomba wake kule Naguru, Kampala, anasoma, na kumbe jioni amekuwa akienda kupiga ngumi bila kumwambia mtu nyumbani. Mjomba anajua na anafurahi, anasema huko ndo mtoto atatokea. Pasta wao amesema wazi kwamba kumpiga binadamu mwenzio ili watu wakushangilie ni dhambi na hamna cha kujadili. Likizo kijana kafika na jicho limevimba, mama akamtazama akakosa hata la kusema. Anauliza: "Daktari, wewe unakaa pale ulingoni unawaona wanavyopigwa. Huu mchezo ni halali kweli mbele ya dhamiri ya mtu? Nimkataze au nimwache?"

Mama, salamu kwako na kwa watu wa Busia, na pole kwa jicho la mtoto. Jicho litapona, tena jicho ndo dogo kuliko yote tutakayoongea hapa.

Kwanza ujue unamuuliza nani. Mimi ni daktari, miaka mingi sasa nakaa kwenye kile kiti cha pembeni ya ulingo hapa Kampala, ngumi za ridhaa na za kulipwa zote, nawapima vijana kabla hawajapanda na nawapima tena wakishuka. Na ngumi nazipenda. Nikiona jabu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, imetoka na kurudi mahali pake kabla mwenzie hajaelewa kilichompata, moyo wangu unaruka, siwezi kukuficha hilo. Kwa hiyo haya yote yasome ukijua anayeandika ana upande wake, anapenda kitu ambacho kazi yake inamwonyesha ubaya wake karibu kila mashindano.

Nianze na pasta, manake watu wa ngumi wana tabia ya kumcheka mtu wa namna hiyo, wanasema huyo hajui mchezo. Anajua, tena kagusa penyewe. Mpira wa miguu unavunja miguu, raga inavunja hata shingo, farasi anamuua anayempanda, lakini hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao ukimuumiza mwenzio unaandikiwa pointi. Kwenye ngumi ndo pointi yenyewe. Na ushindi mkubwa kupita wote, ule watu wanaolipia tiketi kwenye uwanja wa Lugogo, ni nokauti, na nokauti kwa sisi wa hospitali maana yake ubongo umetikiswa mpaka umezima kwa muda. Mtu wa hali hiyo akiletwa na boda iliyomgonga tungemlaza, tungempiga sikani, ile picha ya ndani ya kichwa, tungewapigia simu ndugu zake. Ulingoni tunamhesabia mpaka kumi na watu wanasimama juu ya viti.

Alafu kuna ile hoja ya kijiweni, kwamba boda zinaua wengi kuliko ngumi mbona hatuzikatazi. Kwa hesabu ni kweli kabisa, wodi za hospitali ya Mulago zinajazwa na boda, hazijazwi na mabondia. Ila boda hajaamka asubuhi na nia ya kugonga mtu, na nia ina uzito, hata mtoto mdogo anajua tofauti ya aliyemkanyaga kwa bahati mbaya na aliyemkanyaga makusudi. Kwa hiyo hiyo hoja mimi huwa siipokei, na mjomba akikuletea mrudishie.

Ngoja nieleze kinachotokea mle ndani ya kichwa, bila hicho tutabaki kwenye maneno matupu. Ubongo ni laini na unaelea kwenye maji ndani ya fuvu. Ngumi ya kidevuni mara nyingi haivunji kitu, inazungusha kichwa ghafla, fuvu linakwenda na ubongo unachelewa kidogo kufuata, na huko kuchelewa ndo kunavuta mishipa midogo ya damu iliyopita kati ya ubongo na ukuta wake. Ukikatika hata mmoja damu inaanza kujikusanya, na kwa kuwa fuvu halitanuki, kinachobanwa ni ubongo wenyewe. Hiyo ndo inayomuua bondia usiku uleule. Inayommaliza baada ya miaka ishirini ni nyingine, ni zile ngumi ndogondogo maelfu kwa maelfu ambazo hakuanguka wala hakuzihesabu. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia wanaotembea wakiyumba kama walevi na ulimi umekuwa mzito, na mwaka 1973 Waingereza wakiongozwa na Corsellis walichunguza ubongo wa mabondia wastaafu 15 waliokwisha kufa wakauonyesha uharibifu waziwazi. Siku hizi huo ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara unaitwa CTE. Na hauonekani kwenye sikani ya kawaida mtu akiwa hai, unathibitishwa akishakufa, na hapo ndo penye uchungu kwangu, manake naweza kumpima kijana nikaandika kila kitu kiko sawa na nisijue kwa kweli nimepima nini.

Na usidanganywe na glavu. Zamani walipigana mikono mitupu, na mfupa wa kichwa ni mgumu kuliko vidole, ukipiga kichwa ovyo unavunjika mkono, kwa hiyo watu walipiga mwili zaidi. Zile sheria za Queensberry za 1867 ndo zilileta glavu kuwa lazima, mkono ukapata kinga na kichwa kikawa shabaha. Helmeti nayo inapunguza kuchanika nyusi, haizuii ubongo kuzunguka mle ndani. Wanaume wakubwa wa ngumi za ridhaa walivuliwa helmeti mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana vichwa wazi.

Kwa hiyo pasta hayuko peke yake. Chama cha madaktari duniani kilitamka mwaka 1983 kwamba ngumi zipigwe marufuku. Sweden walizikataza za kulipwa tangu 1970, Norway wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 80, ingawa wote wawili baadaye walilegeza. Upande wa Waislamu, baraza la fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, kule Makka mwaka 1987 lilisema ngumi kwa jinsi zinavyochezwa leo ni haramu, na ile hadithi ya kuepuka uso mnapopigana kila aliyepita madrasa anaijua. Pamoja na hayo ingia jimu hapa Kampala, utakuta akina Abdul na Sharif wamejaa na magharibi ikifika baadhi wanavua glavu wanakwenda kuswali. Watu wa kanisa nao wanapenda kumtaja Paulo aliyewaandikia Wakorintho kwamba anapigana ngumi si kama apigaye hewa, ila mi sidhani Paulo alikuwa anatoa kibali, alikuwa anatumia mfano wa kitu ambacho watu wa Korintho walikiona kila mara.

Haya, tuje kwa mjomba. Mjomba naye hasemi uongo, anasema nusu. Nchi hii imezaa mabondia kwelikweli. Eridadi Mukwanga fedha Mexico 1968, Leo Rwabwogo shaba palepale na fedha Munich 1972, John Mugabi fedha Moscow 1980, na tangu hapo hatujaona tena medali ya Olimpiki kwenye ngumi. Mikanda ya dunia ya kulipwa tunaye Ayub Kalule 1979, Cornelius Boza-Edwards 1981, Mugabi tena 1989, Kassim Ouma 2004. Mugabi kabla hajakutana na bingwa wa dunia Marvin Hagler kule Las Vegas Machi 1986 alikuwa amewashinda wote kwa nokauti, wote, hakuna aliyefika mwisho, na ile usiku walipigana raundi 11 za kutisha mpaka yeye akalala chini. Watu wa rika langu bado tunaisimulia.

Lakini angalia walitokea wapi na walikaa wapi. Kalule alijijenga Denmark, Boza-Edwards Uingereza, Mugabi akaishia Australia, Ouma Marekani. Yaani ile "kutoka kimaisha" anayosema mjomba ilimaanisha kutoka nchini. Hapa nyumbani bondia wa kulipwa wa kawaida anapewa pesa ambayo ukitoa ya kocha, ya chakula cha kambi na ya deni alilokopa akijiandaa, inabaki ya kununua simu. Mjomba anawataja wanne watano kila siku. Wale wengine hawataji kwa sababu hakuna anayewajua majina, na baadhi yao mi nawajua kwa sura maana wanakuja kuniuliza dawa ya kusahau, mtu wa miaka arobaini anakuuliza swali moja mara mbili ndani ya dakika kumi.

Kuna na ile ya kwamba ngumi zinafundisha nidhamu na heshima. Hapa naomba tuwe waangalifu. Idi Amin alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa lait-hevi miaka ya 50, karibu miaka tisa anashikilia, na sidhani kuna mtu atasema ulingo ulimfundisha huruma. Upande mwingine Kassim Ouma alichukuliwa jeshini akiwa mtoto mdogo kabisa, akapigania timu ya jeshi, ngumi ndo zikampa njia ya kuondoka kwenye maisha ambayo hakuyachagua. Mchezo uleule. Ngumi hazimfanyi mtu mwema wala mbaya, zinampa pumzi, zinampa mahali pa kwenda saa kumi na moja jioni, kinachobaki kinategemea ni nani anayemkuta pale.

Sasa hoja nzito kuliko zote ya upande wa ngumi ni ridhaa. Mtu mzima, akili timamu, amekubali mwenyewe, mwenzie naye amekubali, kuna sheria na refa, wewe ni nani umkataze? Hiyo naiheshimu. Mtu ana haki ya kuhatarisha mwili wake, wachimba madini wanafanya hivyo kila siku na hatuwaiti wenye dhambi. Ila nikueleze kilichompata Robert Wangila. Huyu ni jirani yetu, Mkenya, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, shujaa kabisa. Julai 1994 alipigana Las Vegas, refa akasimamisha pambano raundi ya tisa, na Wangila akalalamika, alitaka kuendelea, alikuwa amesimama na miguu yake na anabishana. Baadaye kwenye chumba cha kubadilishia akazimia, hakuamka tena.

Hapo mi nasimama kila nikifikiria ridhaa. Yule aliyekubali kupigana ni mtu mwenye kichwa kizima, kabla kengele haijagonga. Anayesema "niko sawa, niacheni" raundi ya tisa ni mtu ambaye kile kiungo cha kuamulia ndo kimeumia. Huwezi kuchukua neno la wa pili ukasema ni la yule wa kwanza. Kwa hiyo ridhaa ya bondia inampandisha ulingoni lakini haiwezi kumweka pale, na mzigo wote wa dhamiri unahamia kwa watu walioko nje ya kamba: refa, kona yake, daktari, na anayewalipa. Ukiniuliza kama ngumi ni halali nakujibu kwa kuangalia hao, kama yupo kati yao mtu mwenye nguvu ya kusimamisha pambano na ambaye hapati hasara likisimama. Akiwepo, naweza kukaa kwenye kiti changu nikalala usingizi usiku. Asipokuwepo, pasta ana haki, na mimi niliye pale na koti langu jeupe nashiriki dhambi hiyohiyo.

Nikuonyeshe hilo kwa karibu. Pambano moja la kulipwa hapa mjini, kitambo kidogo. Nimeingia chumba cha kubadilishia, kinanuka dawa ya kuchua na jasho, kijana amekaa kwenye benchi, kocha anamfunga bandeji mikononi. Midomo imekauka mpaka imepasuka, nikimshika mkono moyo unakimbia, ulimi mkavu. Namuuliza umekunywa maji lini, anaangalia kocha kwanza. Kumbe alikuwa anakimbia na kaveera, mfuko wa plastiki, ndani ya sweta siku kadhaa, anatemea mate kwenye chupa ili afike uzito, alipopimwa akapita, kisha akanywa soda moja akalala. Mwili uliokauka hivyo mimi na wenzangu wengi tunaogopa unavyopokea ngumi za kichwa. Namuuliza umewahi kuangushwa lini mara ya mwisho, ananijibu sijawahi dokta, na kocha anaangalia sakafu. Sakafu ile ndo ilinijibu. Nikamwambia leo hupandi.

Promota akaja, mtu mzuri tu, tunajuana, akaniambia daktari watu wameshakata tiketi, redioni tumetangaza wiki mbili, nikimtoa huyu nitawaambia nini? Kocha akasema atakunywa maji sasa hivi atakuwa fiti. Na kijana mwenyewe, hiyo ndo iliyoniuma, akanishika mkono akasema dokta kodi ya nyumba ni kesho. Watu wote kwenye kile chumba walikuwa wamekubaliana isipokuwa mimi. Na pesa yangu ya usiku ule, mama, ilikuwa itoke kwa promota yuleyule. Nilikataa, hakupanda, pesa sikuipata na onesho lililofuata hawakuniita. Sisemi hivyo nisifiwe, nasema ili uone mpangilio wenyewe umekaa vibaya, umemweka mtu mmoja aseme hapana na ukamweka mfukoni mwa anayetaka ndiyo.

Mahali pengine mpangilio huo umebadilika, lakini ona ulivyobadilika. Pambano la ubingwa lilikuwa raundi 15 mpaka Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim alipoangushwa na Ray Mancini raundi ya 14 akafa siku chache baadaye, ndo WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, wakashusha kuwa 12 na wengine wakafuata. Uingereza, Michael Watson aliumia kichwa akipigana na Chris Eubank Septemba 1991, msaada wa maana wa kupumua ulichelewa, hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na wapasuaji wa ubongo ikabidi ahamishwe. Akaishtaki bodi yao ya ngumi na akashinda, mahakama ya rufaa ikasema bodi ilikuwa na wajibu wa kuhakikisha huduma inayofaa iko pale ulingoni. Watson aliishi, na ulemavu. Karibu kila sheria nzuri ya ngumi ina mtu aliyelala chini yake. Sisi huku tunaweza kuzichukua bure bila kusubiri wa kwetu, na bado kuna mapambano nimefika nikaulizia ambulansi nikaambiwa dereva yuko njiani. Jamu ya Kampala jioni unaijua.

Kuna upande mmoja mama hukuuliza na naona wazazi wengi hawaufikirii. Mnaogopa mtoto atakayepigwa. Na akiwa yeye ndo anayepiga? Machi 1962 Emile Griffith alimpiga Benny Paret kwenye kona New York ngumi nyingi mfululizo wakati Paret ameshaning'inia kwenye kamba, refa alichelewa kuingia, Paret akafa siku kumi baadaye. Griffith aliendelea kupigana miaka mingi, na mwenyewe alieleza alivyokuwa akimwota Paret, na mara nyingi baada ya hapo alionekana kujizuia mkono. Hakuvunja sheria yoyote. Alifanya alichofundishwa, uwanja mzima ukiangalia. Kwa hiyo refa mvivu anawadhulumu watu wawili, na yule anayebaki hai hatumpi hata mtu wa kuongea naye, tunampa mkanda.

Sasa turudi Naguru, kwa mtoto wako, manake mpaka hapa nimeongea ya wakubwa.

Hatari yake kwa umri huo haiko Lugogo kwenye taa. Iko kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako. Ngumi nyingi za kichwa ambazo bondia anapokea maishani anazipokea mazoezini, pasipo refa wala daktari wala tiketi. Na kuna mtindo mmoja mbaya sana wa jimu zetu nitausema wazi: bondia mkubwa ana pambano wiki ijayo anahitaji mtu wa kumzoesha, mwenye kasi, basi wanatafuta kijana mwepesi wa miaka kumi na tano, kumi na sita, wanampandisha naye raundi nne tano, baadaye wanampa soda na chapati, na kijana anatembea kifua mbele kwa kuwa amesimama na fulani. Jicho la likizo huenda limetoka huko. Muulize kwa upole, usianze na kelele, muulize tu ulikuwa unasparingi na nani, ana kilo ngapi, ana miaka mingapi. Jibu lake litakwambia kuliko mimi.

Kwenye mashindano ya ridhaa yenyewe mambo yana utaratibu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Wa miaka 15 na 16 wanapambana wao kwa wao, raundi tatu fupi, wanavaa helmeti, refa anahesabu hata mtu akiwa bado amesimama na anakatisha mapema. Kijana akipigwa nokauti anatakiwa akae nje angalau mwezi, hata sparingi asiguse, na ikijirudia muda unaongezeka. Tatizo ni kwamba kinachoandikwa kwenye kitabu chake ni kile kilichotokea ulingoni, kilichotokea jimu Jumanne jioni hakiandikwi popote.

Uamuzi wangu basi, na mjomba akitaka anitafute tubishane. Ngumi za ridhaa kwa kijana anayezipenda, chini ya kocha mwenye akili, sioni dhambi. Kuna kitu kizuri mle na sitaki kukuficha: kijana anajifunza kusimama mbele ya mtu anayemwogopa, mbele ya macho ya watu, bila kukimbia na bila chuki, na wakimaliza wanakumbatiana, na mtu asiyejua ngumi anadhani ni maigizo, siyo. Tena ustadi wa juu kabisa wa mchezo huu ni kutopigwa. Kocha mzuri utamjua kwa hilo, anashangilia kijana akikwepa kuliko akipiga. Wasichana wetu nao wako humo, Catherine Nanziri alituwakilisha Olimpiki ya Tokyo, na wengi wao wanacheza kwa akili kuliko kaka zao.

Za kulipwa, mtoto wangu mwenyewe nisingemruhusu. Siyo kwa sababu pesa ni najisi. Pale glavu ni nyepesi, raundi zinafika kumi na mbili, helmeti hamna, na kila mtu aliye karibu naye anakula kutokana na yeye kuendelea kupigwa. Huko mbele kama ofisi zinazosimamia ngumi za kulipwa zitamlipa daktari na refa moja kwa moja bila kupitia kwa promota, na ambulansi ikawa sharti la kugonga kengele ya kwanza, njoo uniulize tena nitafikiri upya. Kwa sasa hapana. Akifikisha 18 akaamua vingine ni mtu mzima, utamwombea, ila kabla ya hapo sauti ni yako.

Usimkataze ghafla ukiwa Busia na yeye akiwa Naguru, ataendelea kwa siri na hutajua akiumia. Panda gari uje, mwambie mjomba akupeleke jimu, kaa pale jioni moja. Muulize kocha mtoto wako anasparingi mara ngapi kwa wiki na nani. Kwa umri huo mi naridhika akifanya mazoezi ya begi, pedi, kamba na miguu siku zote, sparingi ya kichwani kidogo sana na ya taratibu, na wa umri na kilo zake tu. Muulize akigongwa akaona nyota anafanya nini naye. Na muulize kama anawapunguza uzito kwa kaveera, mtoto anayekua hapunguzwi uzito, anapigana na uzito alionao. Kocha wa kweli atafurahi umekuja, wachache wanakuja. Akikasirika au akianza kukwambia mama haya ni ya wanaume, mchukue kijana siku hiyohiyo mtafutie jimu nyingine, Naguru haziko chache.

Na mjomba mpe hili alibandike jikoni. Kijana akirudi mazoezini kichwa kinamuuma kikizidi, anatapika, anasinzia kuliko kawaida, anaongea mambo yasiyoeleweka au jicho moja mboni imekuwa kubwa kuliko nyingine, asimpe Panadol akamwambia lala utapona. Ampakie kwenye gari, siyo boda, waende hospitali kubwa yenye sikani usiku uleule, na afike pale aseme neno hili kwanza kabla ya lolote: huyu amepigwa kichwani. Vijana huwa wanasema wameteleza bafuni.